Mwanamichezo akipanda pointi 300 kwenye SAT ndani ya miezi mitano: ni mamluki au ni msuli?

#1 MzeeWaKikapu
Salaam wakuu.

Nafuatilia kikapu cha vyuo vya Marekani tangu Hasheem Thabeet yuko Connecticut, na kuna jambo moja halijawahi kunitoka kichwani. Kijana anatakiwa na chuo kikubwa. Anafanya pepa ya kuingilia chuo, SAT au ACT, alama hazitoshi. Anarudia, hazitoshi. Msimu unakaribia, anafanya tena, safari hii mbali na kwao, na alama zinapanda ghafla mpaka pale pale zinapohitajika.

Mfano unaojulikana ni Derrick Rose. Iliripotiwa kwamba ACT ilimshinda mara tatu kwao Chicago, kisha akafanya SAT Detroit, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Alama ikatosha, akaenda kuchezea chuo cha Memphis chini ya kocha John Calipari.

Msimamo wangu ni huu: mwanamichezo akipanda pointi 300 ndani ya miezi mitano, kuna mtu kamfanyia, yaani mamluki. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

#2 PwaniRaha
Huyo Rose si alifungiwa na NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo? Nakumbuka mpaka kombe alinyang'anywa.

#3 KabatiLaMafaili
PwaniRaha, hapana. Kombe lenyewe hawakulipata. Fainali ya Aprili 2008 Memphis walifungwa na Kansas 75 kwa 68 kwenye muda wa nyongeza, baada ya Mario Chalmers kusawazisha kwa mtupo wa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde mbili.

Yaliyofuata ni haya. ETS, waliokuwa wanaendesha SAT, walikuwa wameandika barua kumtaka mtahiniwa athibitishe alama zake. Hazikujibiwa, na Mei 2008 wakazifuta. Juni, Bulls wa NBA wakamchukua Rose wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wapya. Agosti 2009 NCAA ikafuta ushindi wote 38 wa Memphis wa msimu ule. Ripoti yao haikumtaja kwa jina, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani, kwa hiyo tuandike kwa uangalifu.

Kinachoniuma mimi ni kwamba NCAA wenyewe ndio waliompitisha acheze mwanzoni mwa msimu. Chuo kikajitetea kwamba hakikujua lolote. Kikajibiwa kwamba alama zikishafutwa, mchezaji hakuwa na sifa tangu mechi ya kwanza, uwe ulijua au hukujua.

#4 MzeeWaKikapu
Shukrani Kabati. Ongeza na mwandiko: mtaalamu aliyeuchunguza alisema huenda si yeye aliyeandika pepa ile. Ndiyo maana nasema.

#5 HesabuTupu
Mzee, umeleta vitu viwili ukavifunga kamba moja. Mwandiko ni ushahidi. Kupanda kwa alama ni sababu ya kwenda kutafuta ushahidi. Hata hao wenye mtihani hawafuti matokeo kwa sababu tu alama zimepanda. Wanatafuta kitu cha pili: mwandiko, au majibu yanayofanana na ya jirani mpaka kwenye makosa.

Sasa tuje kwenye namba. SAT inaanzia 400 mpaka 1600. Mtu yule yule, bila kujifunza kitu kipya, akifanya leo na akarudia mwezi ujao, kila sehemu inaweza kucheza pointi 30 au 40 juu au chini. Halafu jiulize nani anarudia. Ni yule aliyepata chini ya alichotarajia. Aliyekuwa na homa anarudia. Aliyebahatisha vizuri anatulia nyumbani. Ukikusanya wanaorudia peke yao, lazima uone wengi wamepanda.

Lakini nikutendee haki. Derek Briggs alikusanya tafiti za Marekani mwaka 2009 akakuta kufundishwa kwa ajili ya mtihani huu kunaongeza kama pointi 30 kwa wastani, jumla yote. Pointi 300 ziko mbali mno na hapo.

#6 MzeeWaKikapu
Kwa hiyo tuko pamoja.

#7 HesabuTupu
Hatujawa pamoja bado. Jambo likiwa nadra halijawa wizi. Watahiniwa ni zaidi ya milioni moja kila mwaka, na jambo nadra kwenye umati kama huo linatokea kila mwaka.

#8 MkimbiajiKaptagat
Hamjambo. Huwa nasoma tu, lakini huu uzi umenigusa pabaya.

Mimi ndiye huyo mnayemsema. Si kikapu, ni mbio, mita 5000. Januari 2009 nilifanya SAT Nairobi. Ijumaa usiku nimepanda matatu Eldoret, sikulala, alfajiri nimeshuka, nimekunywa chai ya rangi kwenye kibanda na kuuliza njia mpaka nikafika. Hisabati nikaifanya kama KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari: naandika hatua zote kwenye kijitabu, napiga mstari chini ya jibu, kwa sababu kwetu hata ukikosa jibu, hatua zina alama. Mle ndani hakuna anayesoma hatua. Mashine inasoma vile viduara ulivyopaka tu. Sehemu nyingi zilikuwa za dakika 25, na msimamizi akasema kalamu chini mimi niko nusu.

Siku hizo ukikosea ulikatwa robo pointi, na rafiki alikuwa ameniambia usibahatishe kamwe. Nikaacha maswali mengi wazi. Kusoma nilipata 370, hisabati 450. Jumla ya hizo mbili 820.

Juni nikarudia. Kati hapo kulikuwa na jirani yetu aliyekuwa akijiandaa na wale wa KenSAP, mpango ulioanzishwa na John Manners na Mike Boit mwaka 2004 kupeleka vijana waliofaulu KCSE kwenye vyuo vikubwa vya Marekani. Mimi sikuwa kwenye mpango, gredi yangu ilikuwa B+. Lakini jirani alinipa vitabu vyake vya mazoezi, vimekunjamana, na saa ya mkononi. Kila siku baada ya mazoezi ya asubuhi nilifanya sehemu moja kwa dakika 25, mama akiniita uji nasema bado. Juni nikapata 480 na 620. Jumla 1100.

Hesabuni. Pointi 280, miezi mitano. Kocha aliyekuwa ananipigia simu kila Jumapili akaacha kupiga. Baada ya wiki tatu nikapata barua pepe ya mstari mmoja: chuo hakitaweza kuendelea na mimi. Sikuulizwa swali lolote. Chuo sikitaji. Mwaka uliofuata chuo kingine kidogo kilinichukua, nikamaliza uhasibu 2014.

#9 PwaniRaha
Pole sana ndugu. Robo pointi! Nilidhani hayo ni mambo ya Ligi Kuu kukatana pointi.

#10 MwlMstaafu
Pole kijana wa Kaptagat. Nami nakuamini, ingawa nimeona upande wa pili.

Nimesimamia kidato cha nne miaka mingi. Mwaka mmoja, mkoa siutaji, kulikuwa na kijana meza ya nyuma, anaandika kwa utulivu, jasho hana. Nikapita na karatasi ya mahudhurio ili asaini. Akaandika herufi ya kwanza ya jina, akasimama, akageuza macho kwenye kitambulisho kilichokuwa mezani, ndipo akamalizia. Mtu hatazami kitambulisho ili aandike jina lake mwenyewe. Nikamwita mkuu wa kituo. Alikuwa mamluki, mwanafunzi wa chuo, anamfanyia mpwa wake.

Na neno hilo mamluki sisi walimu wa michezo tunalijua vizuri zaidi kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania. Beki anakuja na ndevu na watoto wawili nyumbani, anasema yuko kidato cha pili. Shule inataka kombe. Kwa hiyo MzeeWaKikapu asidhani ametunga. Penye ushindi unaotamaniwa na sharti la darasani, mtu wa tatu hujitokeza.

#11 MzeeWaKikapu
Mwalimu umenimalizia. Mkimbiaji, pole kwa dhati, na sikujua hilo la hatua za hisabati. Ila nikuulize bila nia mbaya: wewe ulikuwa na B+ ya KCSE, kichwa kilikuwepo. Je, yule ambaye hata darasani alama zake ziko chini?

#12 MamaBukavu_Houston
Habari zenu. Nijibu hilo mimi.

Mwanangu alicheza futiboli ya Kimarekani hapa Texas. Mechi za sekondari ni Ijumaa usiku. SAT ni Jumamosi asubuhi. Mara ya kwanza alirudi nyumbani karibu saa sita usiku, goti limefungwa mfuko wa barafu, akala wali wa baridi amesimama. Saa moja na nusu asubuhi niko naye mlangoni pa kituo cha mtihani, anachechemea. Alipata 880. Darasani pia alikuwa wa katikati, kwa sababu kutoka Agosti mpaka Novemba mtoto huyu alikuwa hana jioni.

Juni, hakuna mechi, alipata 1060. Alikuwa anajifunza kwa simu, mazoezi ya bure ya Khan Academy, mezani jikoni huku mimi nasonga ugali. Mwaka 2017 wenye mtihani wenyewe walitangaza kwamba waliofanya saa 20 za mazoezi hayo walipanda wastani wa pointi 115 kulinganisha na mtihani wao wa majaribio. Kwa hiyo pointi 180 kwangu si muujiza. Ni usingizi na saa za kusoma.

#13 HesabuTupu
Mama, ahsante. Tahadhari moja ndogo kwenye hiyo 115: hata ambao hawakufanya mazoezi hayo walipanda kama 60, kwa sababu mtoto anakua na anaendelea na shule. Na wanaojituma saa 20 ndio wenye bidii hata bila programu. Lakini hoja yako ya Ijumaa usiku sijawahi kuisikia na ina nguvu.

#14 MamaBukavu_Houston
Sawa mwanangu, ondoa hizo 60. Goti lilibaki.

#15 KabatiLaMafaili
Nirudi kwenye lile la Mzee pale #1, kwamba alama zinaishia "pale pale". Kuna historia.

NCAA walipitisha kanuni iitwayo Proposition 48 mwaka 1983, ikaanza kutumika 1986: GPA (wastani wa alama za darasani) ya 2.0 kwenye masomo ya msingi na SAT 700, la sivyo huchezi mwaka wa kwanza. Januari 1989 John Thompson, kocha wa Georgetown, alitoka uwanjani kabla ya mechi kuanza kupinga kanuni iliyofuata, ile ya 42, iliyotaka kuwanyima hata ufadhili waliofikia nusu ya masharti. Alisema mtihani ule unawafungia mlango vijana maskini, hasa weusi. Baadaye ikaja ngazi: GPA ikiwa juu, SAT inaweza kuwa chini, na kinyume chake. Tangu 2003 mwenye GPA 3.55 alihitaji SAT 400 tu, ambayo ndiyo alama ya chini kabisa kwenye mtihani. Mwenye GPA ya 2.0 alihitaji 1010.

Kwa hiyo anayejibu swali la #11 aangalie hapo. Kijana mwenye alama dhaifu darasani ndiye aliyedaiwa SAT kubwa zaidi. Kanuni yenyewe ilimlazimisha aruke.

#16 MzeeWaKikapu
Na hapo ndipo mamluki anaitwa!

#17 HesabuTupu
Au hapo ndipo mtu anarudia mpaka apite, kisha anaacha. Fikiria unatafuta funguo. Kila mara unaipata mahali pa mwisho ulipotafuta, kwa sababu ukiipata unaacha kutafuta. Kijana anayehitaji 900 akipata 910 hafanyi tena. Ndiyo maana alama zao za mwisho zinajazana juu kidogo ya mstari, hata kama kila mmoja wao ni msafi.

#18 BintiTanga
Nimesoma mpaka hapa nimenyamaza, sasa nauliza. Mbona wote mnamwangalia mtoto wa kikapu na mtoto wa mbio? Lile sakata la 2019 la waigizaji mmelisahau?

#19 KabatiLaMafaili
Umegonga penyewe. Machi 2019, Boston, watu 50 walishtakiwa. Kinara ni William Singer, mshauri wa udahili wa California. Alikuwa na milango miwili. Mlango wa kwanza ni mtihani. Mtoto anatafutiwa cheti cha ugumu wa kujifunza ili aongezewe muda, anafanyia kituo ambacho msimamizi amehongwa, kimoja West Hollywood na kingine hapo hapo Houston kwa MamaBukavu. Halafu Mark Riddell anasafiri kwa ndege kutoka Florida, anafanya mtihani au anasahihisha majibu mtoto akishaondoka. Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000. Binti yake akapata 1420, kama pointi 400 juu ya mtihani wake wa majaribio. Huffman alipewa siku 14 jela.

Mlango wa pili ni michezo yenyewe. Watoto ambao si wanamichezo waliandikwa kuwa wachezaji waliosajiliwa, makocha wakahongwa. Lori Loughlin na mumewe walilipa dola 500,000 mabinti wawili waingie chuo cha USC kama wapiga makasia, na picha wakapigwa wamekaa kwenye mashine ya mazoezi ya makasia. Singer alihukumiwa miaka mitatu na nusu, Januari 2023.

#20 BintiTanga
Kwa hiyo pointi 400 zilipita hakuna aliyeshtuka, na 280 za Kaptagat zikamnyima mtu chuo.

#21 MzeeWaKikapu
Hiyo imenichoma, sikufichi.

#22 KabatiLaMafaili
Na kuna jambo baya zaidi kwa hoja ya Mzee. Kwenye hati za mashtaka inaelezwa kwamba Singer aliwauliza wazazi wanataka alama ngapi, wakizingatia alama za nyuma za mtoto, ili zisiruke mpaka watu washtuke. Riddell alikuwa na uwezo wa kuilenga alama aliyoagizwa. Mwizi stadi anajua kwamba sisi tunaangalia ukubwa wa kuruka.

#23 MwlMstaafu
Kweli kabisa. Kenya waliliona kwa kiwango cha nchi nzima. KCSE 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A. Mwaka 2016, Matiang'i akiwa waziri wa elimu na ulinzi wa mitihani umekazwa, walipata 141. Watoto hawakupoteza akili kwa mwaka mmoja.

#24 Jirani_wa_Nakuru
Mwalimu, hapo nakupinga kidogo. Nilifanya ile ya 2016. Mwakenya, vile vikaratasi vya kuibia, zilikuwepo miaka ya nyuma, sikatai, na karatasi ziliuzwa kwa simu. Lakini mwaka wetu kulikuwa pia na hofu kubwa, polisi mlangoni, na malalamiko kuhusu jinsi karatasi zilivyosahihishwa na kupangwa madaraja. Usiitie tofauti yote kwenye wizi. Mimi nilipata C+ na kwenye mtihani wa majaribio nilikuwa B+ bila kuibia hata nukta.

#25 PwaniRaha
Hapa tushatoka Memphis tumefika Nakuru. Turudi: Rose kabla ya goti la 2012 alikuwa moto, MVP, mchezaji bora wa NBA, akiwa na miaka 22. Mngemnyima dunia kwa sababu ya viduara?

#26 MzeeWaKikapu
PwaniRaha, uchezaji wake sijaugusa, nilikesha kumwangalia. Nasema kuna kijana mwingine, hatumjui, aliyefikisha alama yake mwenyewe na nafasi ya ufadhili ikawa imejaa. Huyo ndiye ninayemlilia tangu mwanzo.

#27 MamaBukavu_Houston
Huyo hata mimi namlilia. Lakini Mkimbiaji naye ni huyo huyo.

#28 KabatiLaMafaili
Taarifa kwa ambao hawakufuatilia: Januari 2023 NCAA waliondoa kabisa sharti la SAT na ACT kwa kucheza daraja la kwanza na la pili. Sasa wanaangalia masomo ya msingi na GPA.

#29 MwlMstaafu
Basi mamluki atahamia kwenye daftari la alama la mwalimu. Huko hakuna hata picha ya mtahiniwa.

#30 HesabuTupu
Huenda. Ila GPA ni miaka minne na walimu wengi. Kuwahonga wote ni kazi kubwa kuliko asubuhi moja ya Jumamosi.

#31 MwlMstaafu
Shule moja inayotaka kombe haihitaji kuwahonga wote. Inahitaji mkuu wa shule.

Mkimbiaji, nina swali. Pepa yako ilikuwa na sehemu ya kuandika kwa mkono? Maana hapo ndipo wangeweza kukusafisha.

#32 MkimbiajiKaptagat
Ndiyo mwalimu. Kulikuwa na insha, na pia sentensi ya kuahidi kwamba wewe ndiye wewe, unainakili kwa mwandiko wa kuunganisha herufi, halafu unasaini. Nakumbuka kwa sababu wengi wetu chumbani tulikuwa tumezoea herufi za kutenganisha, na chumba kizima kilikaa kimya tukihangaika na ile sentensi moja.

Na yule kocha alikuwa na barua yangu ya mkono, kurasa mbili, niliyomtumia kwa posta mwaka 2008 kueleza muda wangu wa mita 5000. Walikuwa na mwandiko wangu mezani kwao. Wangeomba pepa yangu na kulinganisha.

#33 MzeeWaKikapu
Hawakufanya?

#34 MkimbiajiKaptagat
Hawakufanya. Rasimu ya ile barua iko nyumbani kwa mama, kwenye sanduku la vyeti, pamoja na karatasi zote mbili za matokeo. Jumamosi napanda Kaptagat, nitazipiga picha nizilete, nifunike majina.

#35 MzeeWaKikapu
Zilete. Pointi 300 bado zinanipa shaka, sijabadilika hapo. Lakini zilete, nitakuwepo.

#36 MamaBukavu_Houston
Msalimie mama. Mwambie uji ulikuwa na kazi yake.